Plasta Isiyokauka

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeanza kazi, na leo nimeanza kuandika. Hili la pili ni amri ya shemeji. Anasema watu wote waliofika mbali kikazi huandika siku zao. Dada alipomuuliza ni nani hao aliowahi kuwaona wakiandika, akajibu kwamba chakula kinapoa.

Karakana ya viungo bandia iko nyuma kabisa ya hospitali, ukishapita chumba cha kufulia mashuka. Ina vyumba vitatu: cha mbele wanapopokelewa wagonjwa na kujaribu kutembea, cha kati chenye tanuri, na cha nyuma cha plasta, ambako kila kitu ni cheupe, hata buibui. Tuko wawili tuliotoka chuoni, mimi na kijana mmoja ambaye tangu chuo anaitwa Polepole. Nafasi ya kudumu ni moja. Mkuu wetu, ambaye akiwa hayupo tunamwita Bi Mkubwa, ametuambia ataamua mvua zikikaribia kuisha.

"Mnatazamwa," alisema. Hakusema kitu gani kinatazamwa.

Shemeji ananiambia, "Ni kujiamini tu, shemeji. Mtu anakuona unavyoingia mlangoni, ameshajua." Yeye ni mtunza bohari wa duka la rangi. Bosi wake akimpigia simu husimama wima sebuleni, kama vile anaonekana.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Viatu vimelowa.

Jumanne, 12 Machi

Nimechonga umbo langu la kwanza peke yangu. Mtu akikatwa mguu, sehemu inayobaki tunaiita kigutu. Tunakifunga kigutu bendeji zenye plasta, zikiwa ngumu tunazivua, tunamimina plasta ndani, na tunapata umbo la kigutu kama kilivyo. Kisha unachukua tupa na kuchonga: hapa punguza, nyama itabeba uzito, pale ongeza, mfupa uko karibu na ngozi. Juu ya umbo hilo tunalaza plastiki iliyolainishwa kwenye tanuri, na hapo ndipo kinapozaliwa kikombe, mahali kigutu kinapoingia.

Bi Mkubwa alilipapasa umbo langu huku amefumba macho. "Una mikono wewe," akasema.

Polepole hakuchonga kitu. Alishinda chumba cha mbele na mgonjwa mmoja, zamani dereva wa lori, wakibishana kuhusu mpira. Bi Mkubwa akamuuliza kama tumefungua kijiwe. Polepole akasema, "Nilitaka nimwone anavyokaa akisahau kwamba anatazamwa, mama." Nilicheka. Hata Dereva alicheka.

Jumatano, 20 Machi

Mvua haijakatika tangu Jumamosi, na plasta haikauki. Ukilaza plastiki juu ya umbo bichi, inatoka malengelenge na kazi yote inaenda na maji. Maumbo yamejipanga rafuni kama mizigo ya mkosi, na benchi la wagonjwa limejaa mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi za kufulia. Mkurugenzi wa hospitali amekuja mwenyewe, amesimama mlangoni na mwavuli wake, akauliza, "Hii foleni itaisha lini?" Wala hakusubiri jibu.

Nikapata wazo la kuyaweka maumbo juu ya tanuri likiwa linatumika, juu ya wavu wa chuma, na kuyageuza mara kwa mara. Yanakauka. Kazi iliyolala wiki nzima imeanza kutoka. Bi Mkubwa ameniita "mwanangu" mbele ya watu.

Nyumbani shemeji amesimulia habari hiyo utadhani ni yeye aliyeyageuza.

Jumatano, 27 Machi

Dereva amekuja tena, na Polepole bado anachonga. Anapunguza kidogo, anampapasa mguu kwa mgongo wa kiganja, anarudi chumba cha nyuma, anaongeza. Kikombe cha kwanza alikitupa mwenyewe. Dereva alisema, "Mimi sina haraka, kijana, sina pa kwenda." Alilisema kama mzaha, lakini safari hii hakumwangalia mtu.

Nilimwambia Polepole kwamba anajichimbia kaburi. Akasema, "Wewe fanya yako." Akaniangalia kidogo. "Lakini wewe ukishawavalisha, huwavui tena ukawatazama."

"Nawauliza."

"Watu wanajibu, bwana. Ukiuliza, watajibu."

Huyu mtu ananichosha. Anadhani kukawia ni hekima.

Ijumaa, 5 Aprili

Mgonjwa mpya, mama fundi wa kushona. Ana kisukari. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti mwaka jana baada ya kidole kuoza. Amekuja na binti yake, msichana wa rika langu, ambaye hunyamaza huku akiyaona yote.

Anashonea kwenye baraza la duka, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Amejaribu kwa mguu mmoja. "Inakwenda," aliniambia, "ila inakwenda kama mlevi. Ninashona kola, inatoka mfuko." Mwenye duka amempa muda: shule zikifunguliwa, sare zisipokuwa zimeanza kushonwa, baraza anapewa mwingine.

"Nifanyie haraka, mwanangu. Mimi siyo mtu wa kulalamika, utaona."

Nimemwahidi. Sijawahi kumtaka mgonjwa anipende kama nilivyotaka leo.

Jumanne, 9 Aprili

Nimechonga mguu wa mama fundi. Umbo zuri kuliko yote.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Mvua. Ukuta wa chumba cha nyuma unatoa jasho.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo mama fundi ametembea.

Alikuja amevaa gauni alilolishona mwenyewe na kiatu kipya kwenye mguu mzima, na cha pili akiwa amekishika mkononi kama mtu aliyemletea mgeni zawadi. Nilimvalisha soksi ya kigutu, nikamwingiza kwenye kikombe, nikafunga mkanda. Alishika vyuma viwili vya mazoezi. Alikwenda, akageuka, akarudi. Mara ya tatu aliachia mkono mmoja. Binti yake alijifunika uso kwa kanga.

"Inauma popote?"

"Haiumi."

"Hapa kwenye mfupa?"

"Haiumi, mwanangu, unakaa kama niliozaliwa nao."

Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka tunapiga kelele kusikilizana. Benchi lilikuwa limejaa, mtoto analia, mzee mmoja anauliza kwa mara ya kumi kama jina lake limepotea. Utaratibu ni kwamba mgonjwa atembee, akae, umvue, umtazame ngozi, ungoje, umtazame tena. Nilimvua mara moja mwanzoni, na palikuwa safi. Baada ya kutembea sikumvua tena. Alisema haiumi. Gari lao lilikuwa linangoja getini na lisingengoja sana.

Bi Mkubwa alimwona akitoka kwa miguu miwili, akanishika bega. Ni siku nzuri kuliko zote tangu nianze. Naandika hivyo ili niikumbuke.

Jumatatu, 22 Aprili

Mguu wa Dereva umekamilika, na Dereva hakuja. Alikuja mkewe. Akasema mumewe halali wala haamki, amegeukia ukutani tangu juzi, hataki kusikia habari ya mguu. "Mlipomwambia wiki ijayo, alikuwa ananyoa ndevu. Mliposema tena wiki ijayo, akaacha."

Polepole aliufunga ule mguu kwenye gazeti akampa mama yule aondoke nao hata hivyo. Baadaye nilikwenda kuchukua plasta nikamkuta amekaa juu ya magunia, mabega yanatikisika. Nilirudi kinyumenyume bila kumsemesha.

Nilijisikia vibaya kwa ajili yake. Lakini niseme kweli, nilijisikia pia kwamba nimeshinda.

Alhamisi, 2 Mei

Mama fundi alitakiwa kuja leo nimwangalie. Barabara zimejaa maji, nusu ya wagonjwa hawajafika. Atakuja wiki ijayo.

Jumatano, 8 Mei

Binti yake alikuja peke yake. Nilidhani ameleta shukrani. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

"Mama yuko wodini," akasema. "Amesema nikuambie usije ukahangaika kumsubiri."

Nilikwenda saa ya mchana, na aproni yangu nyeupe ya plasta. Kitanda chake kiko karibu na dirisha. Amekonda uso, macho yanang'aa kwa homa. Aliponiona akajaribu kukaa sawa, kama mwenye nyumba aliyefikiwa na mgeni ghafla.

"Umekuja na mvua hii yote?"

Nikamwomba anionyeshe. Muuguzi akafunua. Sitaandika vyote nilivyoona. Pale mbele, juu ya mfupa, ngozi haipo, na kilichopo kinanuka. Pale pale nilipotakiwa kuongeza plasta zaidi kidogo. Kidogo tu, unene wa kucha. Lakini hata hivyo mtu angeona mapema. Siku ile ile, angemvua soksi, angeona.

"Mama, ulikuwa husikii kitu?"

"Sikusikia, mwanangu. Sukari imekula hisia. Sikujua imekula mpaka huku." Akapumzika kidogo. "Soksi ilikuwa inalowa. Nikadhani ni mvua."

Alikuwa ameshona siku tisa mfululizo. Sare zote za darasa la kwanza. Binti ndiye aliyesikia harufu.

Yeye ndiye aliyewahi kusema. "Ulinifanyia vizuri. Nimekanyaga cherehani mpaka mwenye duka akatoka nje kutazama."

Ningependa angenitukana.

Alhamisi, 9 Mei

Nimegombana na Polepole. Nilimkuta anasafisha tupa, nikamwambia, "Kwa nini hukunifundisha? Ulikuwa unajua!"

"Nilikuambia uwavue."

"Uliniambia kwa mafumbo. Ungenishika mkono."

Akaiweka tupa chini. "Mtu mwenye kisukari usimuulize kama inauma. Iulize ngozi yenyewe. Mguse kwa mgongo wa kiganja. Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, lakini joto linajificha wapi? Tulifundishwa pamoja, darasa moja. Ulipata alama kubwa kuliko mimi."

Ni kweli. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani, naukumbuka hata ukurasa.

Kisha akasema, bila uchungu, "Nami nilifundishwa kwamba mtu asiyeona mwisho anakata tamaa. Nikampoteza Dereva. Kwa hiyo usinitazame kama mtakatifu."

Jumatatu, 13 Mei

Wamemkata tena, juu ya goti.

Jumanne, 14 Mei

Dada ameniuliza kwa nini sili. Nimewaambia yote, mezani. Nilingoja shemeji atoe lile somo lake la kujiamini. Hakutoa. Aliinuka, akatoa sahani yangu, akaenda kuiosha na chakula hakijaguswa. Tangu nihamie kwao sijawahi kumwona akiosha chombo.

Ijumaa, 17 Mei

Nilipita wodini. Hakunitambua. Alikuwa akisogeza mguu mzima chini ya shuka, taratibu, kisigino, vidole, kisigino. Nilielewa baada ya muda kwamba anashona.

Jumatatu, 20 Mei

Mama fundi amefariki alfajiri.

Jumanne, 28 Mei

Bi Mkubwa ametuita, mmoja mmoja. Alianza na Polepole. Alipotoka alinipa mkono na kusema, "Hongera," kwa hiyo nilijua kabla sijaingia.

"Kazi ni yako," Bi Mkubwa alisema. Alikuwa amechoka, amevua viatu chini ya meza.

"Mama, mimi nimeua mtu."

"Ameuawa na kisukari, na barabara, na baraza la duka. Na wewe umo. Simwondoi mtu yeyote hapo." Akasugua macho. "Nyote wawili mmeniumizia watu kwenye msimu mmoja. Yule kwa kusita, wewe kwa kukimbia. Nimejiuliza ni nani atakayebadilika. Wewe una mikono, na umeogopa. Yeye ameogopa tangu siku ya kwanza."

Sikujua kama hiyo ni sifa.

"Ila sikiliza. Mkurugenzi hataki maneno. Familia ya yule mama wakija, usiseme kitu. Waelekeze kwangu. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana.

Polepole alikuwa anakusanya vitu vyake: kikombe cha chai, koti, redio mbovu. Nikamuuliza atakwenda wapi. Akasema ana mjomba anayetengeneza samani. "Meza hazina haraka," akasema, na akacheka peke yake. Nilimsindikiza mpaka kwenye chumba cha kufulia, kisha mvua ikatutenganisha.

Shemeji hakupiga vigelegele. Alisema tu, "Basi, umepata."

Jumatatu, 3 Juni

Mvua imeanza kupungua, inakuja mchana na kuondoka.

Binti wa mama fundi alikuja asubuhi. Alikuwa na mfuko wa kitambaa, na ndani yake ule mguu, bado umevaa kile kiatu kipya. Soksi ya kigutu ilikuwa imefuliwa, ikapigwa pasi, ikakunjwa vizuri ndani ya kikombe.

"Nimeurudisha," akasema. "Mama aliniagiza. Alisema wapo watu benchini wanaoungoja. Mpe mwingine."

Kikombe hakimfai mwingine yeyote duniani, lakini bomba na unyayo vinaweza kutumika. Nilipokea. Nikamshukuru. Bi Mkubwa alikuwa chumba cha kati, mlango uko wazi, namsikia akifungua tanuri. Nilichotakiwa kufanya ni kusema pole na kumwonyesha mlango.

Akasema, "Alikusifu mpaka mwisho. Alisema mtoto yule ana mikono, na ana moyo, alinifanyia haraka kwa sababu nilimwomba. Nilitaka ujue. Nadhani ulikuwa unaumia."

Kama angenilaumu ningenyamaza. Nina hakika ningenyamaza.

"Dada, kaa kidogo," nikamwambia. Hakukaa. "Siku ile, baada ya kutembea, nilitakiwa nimvue soksi nimtazame. Huo ndio utaratibu. Sikumvua. Ningemvua ningeona alama, ningeurekebisha, angerudi nao siku nyingine. Foleni ilikuwa ndefu na nilitaka atoke akitembea. Nilitaka aonekane."

Benchini watu waliinua vichwa. Chumba cha kati, mlango wa tanuri ulifungwa.

Alinitazama. Macho yake ni ya mama yake, ila haya hayamhurumii mtu.

"Aonekane na nani?"

Nilitazama mlango wa chumba cha kati.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimejifunika uso. Kumbe nilipaswa kutazama."

"Wewe hukuwa na kosa lolote."

"Siyo wewe wa kuniambia kosa nisilokuwa nalo."

Akanyoosha mikono. Nilidhani ananisukuma. Alikuwa anautaka mguu. Nikampa. Akaurudisha mfukoni, kiatu kwanza, akafunga mfuko kwa fundo.

"Mama alikuachia wewe," akasema. "Mimi sikuachii."

Akatoka. Nikaita jina lililofuata. Mzee mmoja aliinuka, akamtazama binti akipita nje ya dirisha, akanitazama mimi, akakaa tena. Akasema atamngoja mkuu mwenyewe.

Jumanne, 4 Juni

Nilijua nitafukuzwa. Nilikuja na mfuko wa kubebea vitu vyangu.

Bi Mkubwa hakupandisha sauti. Alisema mkurugenzi ameshapata habari, na kwamba yeye amenitetea mpaka koo limemkauka. "Nilikuomba kitu kimoja."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia mimi kwamba unataka kumwambia, ningekuja tukamwambia wote wawili. Hata hilo ulilifanya kwa haraka."

Hilo liliniumiza kuliko yote, kwa sababu sikuwa nimelifikiria.

Nimebaki kazini. Lakini nitakaa chumba cha nyuma. Nitachonga, nitalaza plastiki, nitakata vikombe. Wagonjwa atawapima yeye, atawavalisha yeye. Nisiguse mtu, nisizungumze na mtu, mpaka atakaponiambia. Hakusema lini.

Alhamisi, 6 Juni

Nimechonga maumbo manne. Majina yameandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye plasta. Sijui sura ya hata mmoja.

Jumanne, 11 Juni

Dada ameniuliza kama nimesamehewa. Nikamwambia sijui hata ni nani wa kumuuliza.

Mtu wa kufulia amesema Dereva ameonekana sokoni, kwa mguu wa Polepole, anabishana na wauza nyanya. Nimefurahi. Natamani kumpelekea Polepole habari, lakini sijui mjomba wake anakaa upande gani wa mji.

Ijumaa, 14 Juni

Jua. Plasta inakauka yenyewe kwenye dirisha, haihitaji mtu.

Kati yangu na chumba cha mbele kuna ukuta wa mbao. Siku kumi hizi nimejifunza kuwasikia wagonjwa. Hatua nzima inatua na kuinuka, haina neno. Mguu unaokaa vibaya unachelewa. Mtu anautanguliza mguu mzima upesi ili aondoe uzito kule, na mbao za sakafu zinasema hivyo hata yeye mwenyewe asiposema.

Leo alikuja mwanamke wa makamo, nimesikia sauti tu. Kikombe nilikichonga mimi. Alitembea kwenye vyuma, akaenda, akageuka, akarudi, na ule mguu ulikuwa unachelewa. Bi Mkubwa akamuuliza kama inambana. Mwanamke akasema hapana, yuko salama, Mungu awabariki. Simu ya mezani ikaanza kulia. Nikamsikia Bi Mkubwa akisema, "Basi kaa hapo, nakuja," na viatu vyake vikaenda kwenye simu. Sauti ya mkurugenzi ilisikika mpaka kwangu, ikiuliza kuhusu foleni. Bi Mkubwa akajibu kwamba wa leo wako tayari, wanaondoka.

Nikasikia mwanamke akianza kukusanya vitu vyake.

Niliambiwa nisiguse mtu. Niliweka tupa chini, nikafuta vumbi mikononi, nikafungua mlango.